Nani Apewe Dawa Isiyotosha

Semaglutaidi ilipata kibali Marekani Desemba 2017 kwa jina la Ozempic, ikiwa dawa ya kisukari cha aina ya pili. Mgonjwa hujidunga mara moja kwa wiki, tumboni au pajani, kwa kalamu yenye kitasa cha kuzungusha mpaka kipimo chake kionekane. Dawa hiyo huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1: huchochea kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na hupunguza hamu ya kula. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozua mambo. Jaribio lililochapishwa Februari 2021, likihusisha watu karibu 2,000 wenye uzito mkubwa wasio na kisukari, lilionyesha kuwa waliotumia kipimo kikubwa kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Juni mwaka huohuo mtengenezaji, Novo Nordisk ya Denmark, akaruhusiwa kuiuza kwa ajili ya unene kwa jina la Wegovy.

Dawa ikawa moja, majina mawili. Wegovy iliadimika mapema, maana mkandarasi aliyejaza sindano zake alisimamisha kazi mwishoni mwa 2021. Isitoshe, bima nyingi za Marekani hazikulipia dawa za kupunguza uzito, na Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilizuiwa na sheria kabisa. Ozempic ilikuwa dukani. Madaktari wakaiandika hiyo. Kuandika dawa kwa kazi isiyotajwa kwenye kibali si uvunjaji wa sheria katika nchi nyingi. Hufanyika kila siku, hasa kwa watoto, kwa kuwa dawa nyingi hazikujaribiwa kwao. Kilichokuwa kigeni ni wingi. Watu mashuhuri walijisifu, mitandao ya kijamii ikapokea, na kufikia 2022 wagonjwa wa kisukari wa Australia na Marekani walikuwa wakizunguka duka hadi duka na cheti cha daktari mkononi. Marekani iliitoa semaglutaidi kwenye orodha ya dawa adimu Februari 2025 tu.

Lawama nyingi ziliwaangukia wanaotaka wembamba, na si zote zilikuwa za haki. Unene uliopindukia ni maradhi. Utafiti mkubwa wa 2023 uliohusisha watu zaidi ya 17,000 wenye ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa, wasio na kisukari, ulionyesha kuwa semaglutaidi ilipunguza kwa asilimia 20 mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vitokanavyo na maradhi hayo. Zaidi ya hapo, anayeacha dawa hurudisha sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo aliyeianza hatoki kwenye foleni baada ya miezi sita. Hata hivyo hasara ya kuikosa hailingani. Mwenye kisukari aliyekosa kalamu kwa wiki kadhaa huona sukari ikipanda, na dawa ikipatikana mara nyingi hulazimika kuanza upya na kipimo cha chini, la sivyo kichefuchefu na kutapika vitamwandama. Anayetaka kupunguza kilo chache kabla ya harusi hapotezi kitu cha namna hiyo.

Kutenganisha watu hao wawili ni kazi ya serikali, na nyingi zilichelewa. Uingereza iliwaagiza madaktari Julai 2023 wasiandike dawa za kundi hili nje ya kibali chake. Ubelgiji iliweka zuio la muda mwishoni mwa mwaka huohuo. Kwingine palitolewa ushauri tu, na ushauri hauna nguvu mbele ya mnunuzi mwenye fedha taslimu.

Pengo hilo walilijaza wahalifu. Mwaka 2023 nchini Austria watu walilazwa hospitalini baada ya kujidunga Ozempic bandia inayoshukiwa kuwa ilikuwa na insulini. Sukari yao ilishuka ghafla, wengine wakapatwa na degedege. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia iliyonaswa Brazil, Uingereza na Marekani.

Athari iliyozungumzwa kidogo zaidi iko Afrika. Viwanda vya kujaza kalamu kwa usafi unaotakiwa ni vichache, na Novo Nordisk ndiyo pia muuzaji mkubwa wa insulini. Mwaka 2024 kampuni hiyo haikuendelea na mkataba wa kuzipatia hospitali za umma za Afrika Kusini kalamu za insulini ya kawaida, ikitaja ufinyu wa uwezo wa uzalishaji. Wagonjwa wakarudishwa kwenye kichupa na bomba la sindano. Kwa kalamu, mtu huzungusha na kubonyeza. Kwa kichupa, bibi mwenye macho yaliyofifia kwa kisukari hichohicho hulazimika kuvuta dawa, kutoa mapovu na kusoma mistari myembamba ubavuni mwa bomba. Akizidisha, anaweza kuzimia. Madaktari Wasio na Mipaka walihusisha uamuzi huo na faida ya dawa za uzito. Kampuni inaweza kubisha, lakini mtiririko wa fedha unaeleweka: kalamu ya semaglutaidi Marekani ina bei ambayo insulini ya kawaida haiwezi kuikaribia. Nchi zinazoagiza insulini kutoka nje, zikiwemo za Afrika Mashariki, zina sababu ya kusoma mikataba yao upya, hasa vifungu vya muuzaji anayetaka kujitoa.

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutaidi na tirzepataidi, dawa inayofanana nayo, kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa upande wa kisukari, liliwalenga wagonjwa wa aina ya pili ambao pia wana ugonjwa wa moyo au figo, pamoja na unene. Hataza ya semaglutaidi inamalizika India na China mwaka 2026, na viwanda vya huko vimejiandaa kutoa nakala za bei nafuu. Nakala hizo nazo zitahitaji kalamu, jokofu na mfamasia anayejua kuitambua bandia. Zitahitaji pia mwongozo wa maandishi wa nani ahudumiwe kwanza shehena ikichelewa, mwongozo ambao ni rahisi kuuandika kabla foleni haijaanza.