Victoria Mboko: Ushindi wa Montreal unafundisha nini watu wa Goma?

Tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 2025, mjini Montreal, binti wa miaka 18 alimshinda Naomi Osaka wa Japani 2-6, 6-4, 6-1, akabeba kombe la mashindano makubwa ya tenisi ya Kanada. Jina lake ni Victoria Mboko. Alianza mashindano hayo akiwa wa 85 kwenye orodha ya dunia, na aliingia kwa mwaliko wa waandaaji. Njiani aliangusha wanawake wanne waliokwisha kushinda mataji makubwa ya dunia: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina, na Osaka mwenyewe. Mbele ya Rybakina ilibaki pointi moja tu atolewe, akakatala kutoka.

Kwa Mkongomani, jina Mboko halihitaji maelezo. Wazazi wake walitoka Kongo mwaka 1999, wakati inchi ilikuwa ndani ya vita, wakafikia Charlotte, Marekani. Ndipo Victoria alizaliwa mwaka 2006, wa mwisho kati ya watoto wanne. Alikuwa bado mtoto mchanga familia ilipohamia Kanada, upande wa Toronto. Ndugu zake wakubwa walikuwa wanacheza tenisi, naye akashika raketi akiwa bado mdogo sana.

Ndiyo maana habari yake ilipita haraka kwenye simu za Wakongomani, na wengi wakasema: huyu ni mtoto wetu. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini kuna swali linalokuja nyuma yake, na kwa wazazi wa Goma, Bukavu ao Bunia ndilo lenye uzito: mtoto kama huyo angebaki huku, angefika wapi?

Wasichana wawili, uwanja mmoja

Jibu moja linapatikana Uingereza, kwenye majani ya Wimbledon, mwezi wa 7 mwaka 2022. Siku ya fainali ya wasichana, mchezo wa wawili wawili, upande mmoja walisimama Mboko, akiwa na miaka 15, na mwenzake wa Kanada Kayla Cross. Upande wa pili alikuwa Angella Okutoyi wa Kenya, miaka 18, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Okutoyi na Nijkamp walishinda 3-6, 6-4, 11-9. Kwa mara ya kwanza Mkenya alibeba taji la vijana kwenye mashindano makubwa manne ya dunia.

Okutoyi hakutoka kwenye nyumba ya feza. Mama yake alifariki wakati wa kujifungua, na yeye na pacha wake walilelewa na bibi yao huko Nairobi. Kipaji chake kilionekana mapema, akapita kwenye mafunzo ya mashirikisho ya tenisi, akafika hadi Wimbledon. Siku hiyo, yeye ndiye aliyemshinda binti wa Wakongomani.

Miaka mitatu baadaye, aliyeshindwa alikuwa bingwa wa Montreal. Aliyeshinda alikuwa bado anapanda polepole: alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn huko Marekani, na mwaka 2024 akachukua medali ya zahabu kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra. Ni mafanikio makubwa, na hakuna wa kuyadharau. Lakini njia za wasichana hawa wawili hazikutofautishwa na kipaji peke yake.

Ngazi ya tenisi inagharimu

Tofauti na mpira wa miguu, tenisi haina klabu inayokununua na kukulipa kila mwezi. Mchezaji anapanda kwa pointi. Pointi zinapatikana kwenye mashindano madogo, inchi kwa inchi, juma kwa juma. Mara nyingi yeye mwenyewe analipa tiketi, chumba, chakula na mwalimu, na zawadi za mashindano hayo hazirudishi hata gharama. Mashindano makubwa kama Wimbledon yanapokea wachezaji 128, na sehemu kubwa wanaingia kwa nafasi yao kwenye orodha ya dunia. Aliye mbali na 100 wa kwanza anabaki kupigania mlango.

Mboko alipita njia hiyohiyo. Mwaka 2024 magoti yalimsumbua, na mwanzo wa 2025 alikuwa chini ya nafasi ya 300. Akaanza kwenye mashindano madogo ya visiwa vya Martinique na Guadeloupe, akashinda michezo 22 mfululizo bila kupoteza seti hata moja. Baadaye akapita kwenye mechi za mchujo hadi kwenye mashindano makubwa ya Paris, akafika raundi ya tatu. Mwezi wa 11 akaongeza taji la Hong Kong.

Lakini chini ya ngazi hiyo kulikuwa na watu walioishikilia. Shirikisho la tenisi la Kanada lina kituo cha taifa mjini Montreal, chenye walimu, madaktari na viwanja vya ndani kwa ajili ya baridi. Mwalimu wake ni Nathalie Tauziat, aliyecheza fainali ya Wimbledon mwaka 1998, Mfaransa aliyezaliwa Bangui. Na hata mwaliko wa Montreal ulitoka kwa wenye mashindano, kwenye inchi yake. Mtoto wa Goma ataalikwa na nani?

Goma katika mwezi uleule

Wakati Mboko anahesabu ushindi wake wa kwanza wa 2025, Goma ilikuwa inahesabu maiti. Mwisho wa mwezi wa 1 mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafunga milango, wakimbizi wa kambi za pembeni ya mji wakatawanywa mara ingine. Katika hali hiyo, kusafirisha mtoto kwenda kucheza hata Bujumbura tu ni safari ya mipaka, karatasi na feza nyingi. Na Bujumbura si mfano wa mbali: ndiko anakotoka Sada Nahimana, Mrundi aliyefika kwenye mashindano ya vijana ya ngazi ya juu duniani.

Hata hivyo, vijana wa Goma hawakuacha kucheza. Mpira unapigwa juu ya mawe ya volkano, na kwa miaka mingi Promo Jeune Basket imekusanya watoto wa makartie mbalimbali kwenye viwanja vya basket. Basket ilipata nguvu kwa sababu rahisi: mpira mmoja unatosha watoto kumi. Tenisi inaomba raketi kwa kila mmoja, mipira inayoisha haraka, na uwanja uliosawazishwa. Huku kwetu imebaki mchezo wa wachache.

Wa kwetu kwa kiasi gani?

Kuna jambo lingine ambalo watu wa mashariki wanalielewa vizuri. Sheria ya mwaka 2004 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Mboko anachezea Kanada, iliyomlea. Kwa upande wa mpira wa miguu njia ilienda kinyume: Axel Tuanzebe, aliyezaliwa Bunia na kukulia Uingereza, alikubali mwaka 2024 kuvaa jezi ya Leopards. Inchi inafurahia watoto wa diaspora wakisha kuiva, lakini gharama ya kuwaivisha ililipwa kwingine. Kusema «ni wetu» ni bei rahisi. Kununua raketi kumi za shule moja, hiyo ndiyo inaonyesha nani anamaanisha.

Si kila mtoto atakuwa Mboko, hata Kanada. Ila kuna faida nyingine ambayo wazazi hawaambiwi mara nyingi. Ndugu zake wakubwa walicheza tenisi ya vyuo vikuu huko Marekani, sawa vile Okutoyi huko Auburn. Huko, vyuo vingi vinatoa masomo kwa mwanafunzi anayecheza vizuri. Kwa mtoto wa familia ya kawaida, michezo inaweza kulipa masomo hata isipoleta kombe. Lakini hapo pia anahitaji vyeti vya shule vinavyokubalika, lugha, na matokeo yaliyoandikwa mahali. Mchezaji ambaye hakuna aliyeandika matokeo yake, kwa wanaotafuta vipaji ni kama hayuko.

Amani ndiyo ya kwanza, na hakuna shirikisho linaloweza kuileta. Lakini kuandika matokeo ya mashindano ya mashule, kulinda viwanja visiuzwe vipande vipande, na kumwacha binti arudi uwanjani kisha kazi za nyumbani, hayo hayangoji mazungumzo ya Doha wala ya Washington. Mwaka 1999, wazazi wa Mboko walilazimika kuvuka bahari ili watoto wapate pa kuanzia. Wazazi wengi wa Goma hawana tiketi hiyo, na watoto wao wanakua sasa.