Ugonjwa Unaofichwa Hupata Nguvu

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, maradhi yalitajwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa adui wakubwa wa Taifa. Tangu hapo zahanati nyingi zimejengwa na chanjo zimefika vijijini. Hata hivyo, iko silaha moja isiyohitaji fedha za kigeni ambayo bado inatumiwa kwa kusitasita. Silaha hiyo ni taarifa ya kweli inayotolewa mapema.

Historia ya ndui ni ushahidi wa kutosha. Desemba 1966, huko Nigeria Mashariki, chanjo ilikuwa haba hata haikuwezekana kumchanja kila mtu. Daktari William Foege na wenzake walitumia redio za wamisionari kuuliza ni vijiji gani vyenye wagonjwa. Kisha wakawachanja waliowazunguka wagonjwa hao, na wale wa sehemu ambako ugonjwa ungeweza kuelekea. Ndui ikazimika huko ingawa sehemu kubwa ya wananchi haikuwa imechanjwa. Kilichopungua katika chanjo kilifidiwa na habari.

Oktoba 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliugua. Kwanza alidhaniwa ana malaria, kisha tetekuwanga. Ukweli ulijulikana baada ya muuguzi aliyefanya naye kazi kutoa taarifa. Waliokutana naye walitafutwa, na zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa katika muda wa wiki mbili. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayefichua mgonjwa mwingine. Hakupatikana, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetokomezwa. Yafaa jambo hilo litiliwe maanani: mtoa taarifa aliahidiwa zawadi, hakutishiwa karipio.

Mambo hayako tofauti kwa mimea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ya muhogo ililipuka Uganda, na katika miaka ya 1990 ikaingia Kanda ya Ziwa ya Tanzania. Virusi vyake huenezwa na nzi weupe, lakini huenezwa pia na mkulima anayechukua pingili kwenye shamba lenye ugonjwa na kumgawia jirani kwa nia njema. Mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuunyunyizia ukapona. Kinga iliyopo ni kung'oa wenye dalili, kupanda pingili safi, na kutumia mbegu zinazostahimili. Hayo yote yanategemea kujua ugonjwa umefika wapi.

Hatari zaidi ni ule wa michirizi ya kahawia, ambao mtaalamu H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Mara nyingi shamba lenye ugonjwa huo huonekana zuri na majani yake kusitawi. Siku ya kuvuna ndipo mkulima anapokata muhogo na kukuta umeoza kwa ndani.

Ziko ripoti za kazi zinazofanana na shamba hilo. Juu zina majani mabichi: "hali ni shwari," "hakuna tatizo." Chini yake mna watoto wanaoharisha na mashamba yanayoharibika. Anayeandika ripoti ya namna hiyo si lazima awe mtu mwovu. Pengine anaogopa kuonekana ameshindwa kazi, au anakumbuka mwenzake aliyefokewa kwa kusema kweli. Kwa hiyo lawama haiwezi kuishia kwa mtumishi wa chini. Mkubwa anayemfokea mleta habari ndiye anayeufundisha wilaya nzima unyamavu.

Wako wanaodai kwamba kutangaza ugonjwa huleta hofu na kuharibu biashara. Hoja hiyo haina uzito. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwaeleza wananchi wazi jinsi maradhi yanavyoenea, na takriban watu milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza redio. Hawakukimbia, walichimba vyoo. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera, zaidi ya watu 200 waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa. Wagonjwa walikuwa 9, nao 6 wakafariki. Tarehe 2 Juni mwaka huo mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Biashara huharibiwa zaidi na ugonjwa uliozagaa kuliko ugonjwa uliotajwa.

Mwalimu anayo daftari la mahudhurio. Watoto watano wa mtaa mmoja wakikosa shule siku moja, hiyo ni habari ya kupelekwa zahanati siku hiyo hiyo, isingoje mwisho wa mwezi. Bwana shamba anao wajibu wa kupasua muhogo na kuutazama, asiridhike na kutazama majani akiwa barabarani. Ofisa aliye juu yao anao wajibu mzito kuliko wao: kupokea habari mbaya kwa shukrani na kuifanyia kazi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwananchi akificha, huumbuka nyumba moja. Ofisi ikificha, huumia wilaya nzima.