Mchanga Nao ni Ubao

Wako wazazi na walimu wasemao: «Kuchora ni mchezo, hesabu ndiyo masomo.» Neno hilo linawadhulumu watoto wetu, nasi hatuna budi kulipinga.

Mwanzoni mwa karne ya 20, msafiri Emil Torday alifika kwa Wakuba wa Kasai, akawakuta watoto wakichora mchangani mistari iliyopishana kama nyavu. Sharti lao: usiinue kidole, wala usirudie mstari. Huko Ulaya, Leonhard Euler alikuwa amelichunguza swali la namna hiyo mwaka 1736. Hesabu makutano yenye mistari ya idadi witiri, yaani 1, 3 au 5. Kama hayapo, au ni mawili tu, mchoro ulioungana wawezekana, yakizidi, hauwezekani.

Je, watoto wale walikuwa katika sanaa au katika hesabu? Nani atawatenganisha?

Tutajibiwa kwamba madarasa yamejaa na vifaa hakuna. Lakini somo hili ladai mchanga, kidole na mwalimu mwenye subira. Asitangulize kanuni ubaoni ili inakiliwe. Awaache watoto wachore, washindwe, wahesabu, hata wagundue wenyewe kwa nini mchoro huu unakubali na ule unakataa. Hapo kanuni itakuwa mali yao, wala haitapotea baada ya mtihani.

Tusimfunge mtoto mikono, kisha tukamlaumu kwamba hana akili.