Paka wa Jirani na Soko Anapougua

Hapa Bagamoyo paka wengi huzunguka soko la samaki na kuingia majikoni mwetu. Hula kwetu, lakini hawashikiki. Mmoja akipata kidonda, tumfikisheje kwa daktari wa mifugo?

Tusimkimbize wala kumkamata kwa mikono. Tulaze tenga la kuku pale anapokula, tumlishe humo siku kadhaa mpaka azoee. Siku ya safari tusimpe chakula asubuhi. Tutie samaki mle ndani. Akiingia, tufunge mdomo wa tenga kwa kamba na kulifunika kwa khanga, kwani gizani hutulia. Watoto wakae mbali. Tena tusimpe Panadol, humuua paka.

Akituuma au kutuparura, tuoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tusipake majivu wala pilipili. Twende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni tundu dogo la jino. Paka naye huambukiza kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza, ni vigumu mno mtu kupona. Chanjo ya mapema huokoa.