Nadharia ya Mageuko, Damu Yetu na Imani Yetu



Ndugu wapendwa, vijana wetu wa sekondari hapa Msamvu hufundishwa darasani kwamba viumbe hai, mwanadamu akiwamo, wamefikia hali yao ya leo kwa mageuko ya muda mrefu sana. Jumapili hukiri kanisani kwamba Mungu ndiye Muumba wa mbingu na dunia. Baadhi yao hudhani ni lazima wachague: ama waache somo la bayolojia, ama waache imani. Kanisa haliwadai uchaguzi huo.

Mwaka 1950 Papa Pio XII, katika waraka wake Humani Generis, aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba ujuzi mpya umeifanya nadharia hiyo kuwa zaidi ya dhana tu.

Tusitafute mfano mbali. Tuutazame ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mtoto akirithi jeni ya ugonjwa huo kwa baba na kwa mama, chembe nyekundu za damu yake hujikunja mithili ya mundu, naye hupatwa na maumivu makali na upungufu wa damu. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui. Tena hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wa jambo hilo kutokana na uchunguzi wake katika Afrika Mashariki. Ndipo ilipoeleweka kwa nini jeni hiyo imeenea katika nchi zenye malaria kama yetu: kwa vizazi vingi, waliorithi moja tu walinusurika zaidi, wakakua, wakawarithisha watoto wao. Huo ndio uteuzi wa asili aliouandika Darwin. Basi mageuko si habari za mifupa ya kale ya Olduvai pekee. Yamo katika damu yetu.

Kuyajua haya kwatufaa nini? Katika nyumba nyingi mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya viungo hupelekwa kwanza kwa mganga. Jirani husingiziwa uchawi, na mama hutuhumiwa kuleta mkosi katika ukoo. Yesu alipoulizwa habari za mtu aliyezaliwa kipofu, alikataa kabisa kwamba yeye au wazazi wake walitenda dhambi hata azaliwe hivyo. Sayansi nayo yasema kwamba baba na mama wamechangia sawasawa, wala hakuna mwenye hatia. Hapo elimu na Injili zasimama upande mmoja, upande wa mtoto.

Hata hivyo, sayansi ina mpaka wake. Hutueleza jinsi ugonjwa ulivyoenea. Haitufundishi kumpenda mgonjwa. Mtu akidai kwamba, kwa kuwa maumbile huwaacha walio dhaifu wafe, nasi tuwaache, hapo hasemi tena sayansi. Na fumbo la mateso ya asiye na kosa halina jibu jepesi. Sisi twalipeleka chini ya Msalaba, kisha twaamka kumhudumia anayeteseka.

Kwa hiyo twawasihi wachumba wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa wakapime damu. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mwenye ugonjwa; wajue hivyo, wapate ushauri, na kila mtoto apokewe kama zawadi. Wazazi, wapelekeni watoto hospitali mapema, kwani matibabu yapo. Nanyi makatekista, kijana akiwauliza habari za mageuko, msimkemee. Mungu aliyetupa imani ndiye aliyetupa na akili, wala hawezi kujipinga mwenyewe.

Mungu awabariki nyote.