Kiti Chembamba, Mguu Uliovimba

Katika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hupanda mahujaji wazee, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa India na jamaa wanaowazuru ndugu zao Muscat. Wengi huketi daraja la kawaida, magoti yakigusa kiti cha mbele, na ni nadra kuelezwa kwamba kubanwa huko si adha tu.

Mguu usiposogezwa, misuli ya kigimbi haisukumi damu kurudi moyoni. Damu hutuama katika vena na huweza kuganda. Bonge likifika mapafuni, huweza kuua. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulionesha kuwa safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo takriban maradufu, ijapokuwa kwa mwenye afya njema hubaki ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Hatari haiishi siku ya kushuka. Hudumu wiki kadhaa.

Si haki kuilaumu tiketi ya bei nafuu peke yake, kwani hata abiria wa basi asiyejinyoosha humo. Mjamzito, aliyepasuliwa karibuni na aliyewahi kuganda damu washauriwe na daktari kabla ya safari. Msafiri azungushe vifundo vya miguu, atembee, wala asijinywee aspirini kwa hiari yake.

Na mhudumu wa zahanati aonapo mguu mmoja umevimba, au pumzi zikibana ghafla, aulize mapema: "Umesafiri karibuni?" Swali hilo halina gharama, na laweza kuokoa roho.