Bukavu: Kiti cha Askofu Mkuu kati ya wananchi na wenye silaha

Waasi wa M23 walipouteka mji wa Bukavu mwezi Februari 2025, viongozi wa mkoa wa Kivu Kusini walioteuliwa na Kinshasa waliuhama mji huo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema M23 inasaidiwa na Rwanda, jambo ambalo Kigali inalikanusha. Miongoni mwa taasisi chache zilizobaki mjini na uongozi wake uleule ni Jimbo Kuu Katoliki la Bukavu, linaloongozwa na Askofu Mkuu François-Xavier Maroy Rusengo tangu mwaka 2006.

Si mara ya kwanza kwa Kanisa hilo kujikuta katika hali hiyo. Kwa muda wa miaka 30 sasa, kila mara serikali inapoutoka mji wa Bukavu, wananchi hugeuza macho kuelekea kiti cha Askofu Mkuu. Wengine waliokikalia wamelipa gharama kubwa kwa sababu hiyo.

Kutoka misheni hadi Jimbo Kuu

Kanisa la Bukavu lilianzishwa na Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe. Mwaka 1929 Roma iliunda Vikarieti ya Kitume ya Kivu. Tarehe 10 Novemba 1959, Papa Yohane XXIII aliipandisha Bukavu kuwa Jimbo Kuu. Siku hiyohiyo Gitega ya Burundi na Kabgayi ya Rwanda nazo zilipewa hadhi hiyo. Kwa hiyo makanisa ya nchi hizi tatu, zilizokuwa chini ya utawala mmoja wa Ubelgiji, yalikomaa pamoja.

Askofu Mkuu wa kwanza, Louis Van Steene, alikuwa mmisionari. Mwaka 1965 alirithiwa na Aloys Mulindwa, Mkongomani, aliyeliongoza jimbo hilo hadi mwaka 1993. Katika kipindi hicho Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, kisha akazitaifisha shule za Kanisa. Mwaka 1977 serikali, iliyoshindwa kuziendesha, iliafikiana na makanisa kuyarudishia usimamizi wa shule hizo.

Makubaliano hayo yanaeleza kwa sehemu kubwa uzito wa neno la askofu huko Kivu. Penye parokia kuna shule, na mara nyingi kuna zahanati. Habari za shambulio katika kijiji cha mbali huweza kumfikia Askofu Mkuu kupitia kwa paroko au mwalimu kabla hazijafika ofisi yoyote ya serikali. Anaponena, wananchi wanajua kuwa habari zake zimetoka kwao wenyewe.

Munzihirwa na Kataliko

Mwaka 1994 Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Miezi michache baadaye, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka na kuingia Kivu. Alizililia nchi za nje ziwanusuru raia, akaonya kuwa vita vinakuja. Wakosoaji wake, hasa upande wa Rwanda, walimlaumu kwa kuwatetea wakimbizi ambao miongoni mwao walikuwamo waliotenda mauaji ya kimbari. Yeye alishikilia kwamba mwenye hatia ahukumiwe, lakini umati wa wanawake na watoto usiadhibiwe kwa pamoja.

Mwezi Oktoba 1996, uasi wa AFDL uliosaidiwa na jeshi la Rwanda ulipoukaribia mji, viongozi wengi walikimbia. Munzihirwa alibaki, akiwasihi wakazi watulie. Tarehe 29 Oktoba aliuawa barabarani, katika mtaa wa Nyawera.

Msiba huo ulikuwa wa tatu wa aina yake katika eneo zima. Juni 1994 Askofu Mkuu Vincent Nsengiyumva wa Kigali aliuawa pamoja na maaskofu wengine wawili. Septemba 1996 Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega aliuawa katika shambulio la kuvizia barabarani. Katika muda usiotimia miezi 30, Rwanda, Burundi na Kongo zilikuwa zimempoteza kila moja askofu mkuu kwa mtutu wa bunduki.

Mrithi wa Munzihirwa, Emmanuel Kataliko, alitoka Butembo mwaka 1997. Katika ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999 aliyashutumu mataifa ya nje yaliyokuwa yakiichuma mali ya Kongo kwa njia ya vita, pamoja na Wakongomani walioshirikiana nayo. Februari 2000 waasi wa RCD, waliokuwa wakiutawala mji, walimhamishia Butembo kwa nguvu. Aliruhusiwa kurudi mwezi Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafariki ghafla nchini Italia. Aliyemfuata, Charles Mbogha Kambale, aliushuhudia mji ukitwaliwa tena na wanajeshi waasi Juni 2004, na alifariki mwaka 2005.

Mtihani wa leo

Historia hii inaonyesha kuwa uzito wa kiti hicho umetokana na mambo mawili. La kwanza ni kubaki mahali pake wakati wengine wanapoondoka. La pili ni kusema ukweli uleule mbele ya kila anayeushika mji, awe jeshi la serikali au waasi. Likikosekana la pili, la kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni kukubaliana na wenye nguvu.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 maaskofu Wakatoliki wa Kongo, wakishirikiana na viongozi wa Kiprotestanti, walijaribu njia ya mazungumzo. Walikutana na Rais Félix Tshisekedi, viongozi wa uasi huko Goma, na Rais Paul Kagame mjini Kigali. Mjini Kinshasa wapo waliowalaumu kwa kuzungumza na waasi. Lawama hiyo yafanana na ile aliyobebeshwa Munzihirwa: mwenye kuzungumza na pande zote hushukiwa na kila upande.

Kwa Burundi, jambo hili si la mbali. Jimbo la Uvira, linalopakana nayo, liko chini ya Jimbo Kuu la Bukavu, na makumi ya maelfu ya Wakongomani wamevuka mto Rusizi kutafuta hifadhi. Kurudi kwao kutategemea makubaliano ya wakuu wa nchi. Lakini kutategemea pia kama mjini Bukavu atakuwapo mtu anayeweza kusema wazi kuwa njia ya kurudi ni salama au si salama, na akaaminiwa.